Treni ya Kimarekani imegoma Ulaya: anza ukutani, malizia gurudumuni

Kichwa cha treni ya kuchezea kimesafiri kutoka Pennsylvania. Umekitoa kwenye magazeti aliyokifungia muuzaji, umekiweka relini, umezungusha mkono wa transfoma. Kimya. Au kinanguruma pale pale kama mzinga wa nyuki. Wengi wetu hapo ndipo mkono unapokimbilia bisibisi. Iache mezani kwanza. Treni za Lionel, American Flyer na Marx zilizotengenezwa baada ya vita, kuanzia 1945 hadi miaka ya 1960, zilijengwa ili mtoto wa miaka minane azigonge kwenye miguu ya meza jioni, na asubuhi ziendelee na safari. Zikigoma huku Ulaya, mara nyingi kisa kiko nje ya kichwa chenyewe: umeme wa ukutani, reli isiyo yake, au miaka arobaini ya kulala darini bila kuguswa.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora, mji ambao treni za Mwanza na za Kigoma zinaagana, na sasa naishi kusini magharibi mwa Ujerumani, si mbali na Kaiserslautern. Wanajeshi wa Marekani na familia zao wamekaa eneo hili kwa miongo mingi, kwa hiyo kwenye masoko ya mitumba ya Jumamosi, katikati ya vikombe na mapazia, hujitokeza boksi la rangi ya chungwa na buluu la Lionel. Kichwa changu cha kwanza kilitoka kwenye soko la namna hiyo: namba 2037, cha mvuke, mwili wa chuma cha kumimina, pamoja na transfoma yake ya aina ya 1033. Karibu kila ugonjwa nitakaoueleza hapa nimeukuta kwenye kichwa hicho au kwa jirani zake waliokuja baadaye.

Ndugu mlioko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala nanyi msipite. Umeme wenu ni wa volti 230 hadi 240 na hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), ndugu moja na wa Ulaya, na treni aliyoituma mjomba kutoka Ohio italeta matata yale yale.

Utahitaji mita ya umeme, spiriti safi, pamba, vijiti vya meno, mafuta mepesi ya cherehani, grisi kidogo na kifutio cha penseli. Msasa na pamba ya chuma viweke mbali kabisa. Sababu zake zinakuja.

Transfoma inapata moto, inanuka, au imekufa siku ya kwanza

Hiki ndicho kisa kinachoua vitu vingi kuliko vyote, na huwa kinaua kwa dakika chache. Transfoma ya Kimarekani imeandikwa kwenye kibati chake: volti 115, hezi 60. Soketi ya hapa inatoa volti 230, hezi 50. Ile adapta ndogo ya plagi inayouzwa kwenye viwanja vya ndege inabadili umbo la meno tu; umeme unapita vile vile. Ukichomeka 1033 kwa adapta hiyo, koili inapokea maradufu ya kiwango chake, chuma cha ndani kinashiba sumaku, umeme unaovutwa unapanda ghafla, na harufu ya vanishi inayoungua inajaza chumba. Nilishasimama kwenye meza ya muuzaji mmoja aliyetaka kunithibitishia kwa njia hiyo kwamba transfoma yake inafanya kazi. Ilifanya kazi kwa muda wa kutosha kunionyesha taa.

Dawa ni transfoma ya kushusha umeme kati ya ukuta na ile ya treni. Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kushusha volti hakubadili hezi. Chuma cha transfoma iliyopimwa kwa hezi 60 kinabeba sumaku zaidi kikilishwa hezi 50, zaidi kwa asilimia 20 volti zikiwa zile zile. Piga hesabu: 115 mara 50 gawanya kwa 60 ni karibu 96. Maana yake, transfoma yako ya Lionel ikiwa Ulaya inajisikia nyumbani ikipata volti 96 hivi, na ukiilisha 115 itaunguruma na kupata joto hata kama hakuna treni relini. Kwa hiyo natumia kifaa cha kushusha kutoka 230 hadi 100, kile kinachouzwa kwa ajili ya vyombo vya Kijapani. Kasi ya juu kabisa inapungua kidogo. Sijawahi kuihitaji kasi hiyo, na 1033 yangu baada ya saa nzima inashikika kwa mkono.

Chagua chenye koili mbili zilizotengana, maana aina ya koili moja huacha transfoma ya treni imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Chagua pia chenye nguvu ya ziada. 1033 ni ya wati 90, basi kifaa cha VA 200 (VA ni kipimo cha nguvu, karibu sawa na wati) kinatosha. ZW, transfoma kubwa ya Lionel ya wati 275, inataka VA 500. Vile vifaa vyepesi vya kielektroniki vya wasafiri, vya mashine za kukaushia nywele, havifai hata kidogo, kwa kuwa vinakatakata wimbi la umeme na koili haipendi hilo.

Kabla ya yote hayo, ukunje waya wa transfoma taratibu kwa vidole. Mpira wa miaka ya 1950 umekauka. Ukiona ufa au unga mweusi unadondoka, usichomeke. Mpe fundi umeme auondoe wote, hadi ndani kabisa ya kasha, abandike mpya. Waya wenye ufa usiufunge utepe ukasema umemaliza.

Umetumia transfoma ya Kijerumani, na treni inaruka au taa zinaungua

Wenzetu waliokulia kwenye Märklin, treni za kuchezea za Kijerumani, wana mazoea ya kugeuza mwelekeo kwa mpigo wa volti 24 hivi: unausukuma mkono nyuma ya sifuri, kichwa kinabadili mwelekeo. Lionel haijui lugha hiyo. Yenyewe hubadili mwelekeo umeme unapokatika na kurudi. Ukiipiga mpigo wa Märklin, kichwa kinashtuka mbele na balbu, ambazo nyingi ni za volti 14 hadi 18, zinakufa moja moja. Tena transfoma ya nyumbani ya Märklin kwa kawaida ni ya VA 30 tu. Kichwa cha Lionel chenye moshi, filimbi na mabehewa ya abiria yenye taa kinazidi kiwango hicho kwa urahisi, ndipo unaona treni inapanda kasi, inachoka, inasimama, inarudi tena baada ya dakika: kikata-umeme cha ndani kinafunguka na kujifunga. Hiyo si treni mbovu. Ni punda aliyepewa mzigo wa ng'ombe.

Taa ya transfoma inafifia ukiweka treni, au hata kabla hujaiweka

Ni shoti. Swali la kwanza: reli ikiwa tupu, bila gurudumu hata moja, je, shoti ipo?

Kama ipo, shoti iko kwenye reli au waya. Reli ya Lionel ina vyuma vitatu. Viwili vya pembeni ni kitu kimoja kiumeme, na cha katikati ndicho kinacholeta umeme, kikiwa kimetengwa na mataruma ya bati kwa vipande vya karatasi ngumu. Karatasi hiyo ikichanika, chuma cha kati kinagusa bati. Tenganisha duara, upime kipande kimoja kimoja kwa mita kati ya chuma cha kati na cha pembeni. Kipande kinacholia ndicho mgonjwa. Funua mikunjo ya bati kidogo kwa bisibisi bapa, ingiza karatasi mpya ngumu, funga. Dakika kumi.

Kama reli tupu ni safi na shoti inakuja na kichwa, angalia kwanza ni reli ya nani. Geji ni upana kati ya reli za pembeni. Treni ya Lionel ya geji O ina upana ule ule wa geji O ya Ulaya, milimita 32, na watu wengi huiweka kwenye reli ya vyuma viwili, kwa mfano ya seti za Kiitaliano za Lima au Rivarossi. Magurudumu ya Lionel na mhimili wake ni chuma kwa chuma bila kitenganishi, kwa hiyo linapokanyaga reli zote mbili umeshaunganisha pande mbili za umeme. Hakuna cha kurekebisha kwenye kichwa. Badili reli.

Na kama shoti inakuja pale tu treni inaposhuka relini, hiyo ni kawaida, ila jilinde. Vikata-umeme vya transfoma hizi hufanya kazi kwa joto na ni vizito kuamka. ZW inaweza kumimina umeme mwingi kwa sekunde kadhaa kabla haijakata, na waya mwembamba ndani ya behewa ukaungua. Nimeweka fyuzi ya haraka ya ampia 5 kwenye waya unaokwenda reli ya kati. Fyuzi ni senti. Waya wa asili wenye kitambaa hauuzwi tena ulivyokuwa.

Kinanguruma, taa inawaka, lakini hakisogei

Hapa nitakaa, kwa sababu barua nyingi ninazopata zinahusu hili, na kwa sababu kifaa kinachohusika ni kizuri mno kukitazama.

Ndani ya kichwa mna kifaa ambacho wakusanyaji wote hukiita e-yuniti. Ni koili ya sumaku yenye kijiti cha chuma ndani yake, na chini ya kijiti kuna kigoma kidogo chenye vibati vya shaba. Umeme unapokuja, kijiti kinavutwa juu na kukizungusha kigoma hatua moja. Umeme ukikatika, kijiti kinadondoka, kinajiandaa kwa hatua inayofuata. Hatua ni nne: mbele, simama, nyuma, simama. Kwa hiyo kichwa kinachonguruma bila kusogea huenda kiko tu kwenye hatua ya kusimama. Kata umeme, rudisha. Kimeondoka? Basi hukuwa na tatizo.

Mngurumo wenyewe usikutishe. Ni kijiti kinachotetemeka ndani ya koili, mara 120 kwa sekunde kule Marekani na mara 100 huku, ndiyo maana sauti ya hapa ni nzito kuliko ile unayoisikia kwenye video za Wamarekani. Mtu mmoja alinirudishia kichwa kizima akidhani kimeharibika kwa sababu ya tofauti hiyo ya sauti.

Kama hakingurumi kabisa, taa inawaka na mota iko kimya, tafuta kimkono kidogo cha chuma kinachochungulia juu ya mwili wa kichwa au chini yake. Hicho hufunga e-yuniti ibaki kwenye hatua iliyopo. Aliyekuwa nacho mwisho alikifunga kwenye hatua ya kusimama, labda mwaka 1958, akakirudisha kwenye boksi. Kisogeze upande wa pili, jaribu.

Kama kinanguruma kila mara na hakiondoki hata ukikata umeme mara nne, sikiliza. Je, unasikia mlio wa "tak" kijiti kinapopanda? Ukisikia, kigoma kinazunguka lakini umeme haufiki kwenye mota: vidole vya shaba vinavyokigusa kigoma vimepinda au vimechafuka. Puliza dawa ya kusafishia vigusio, kata na kurudisha umeme mara ishirini, puliza tena. Usipousikia mlio, kijiti kimenasa, na karibu kila mara kimenaswa na mafuta. Mtu alikipaka mafuta akiamini anakisaidia, mafuta yakageuka gundi. E-yuniti haitaki tone la mafuta maishani mwake. Ioshe kwa spiriti, ikauke.

Na tahadhari ambayo ningeipewa mapema ningeokoa wikendi nyingi: zile e-yuniti zilizosimama wima zinategemea uzito wa kijiti kudondoka. Ukikigeuza kichwa miguu juu kwenye sponji ili ukijaribu kwa waya mbili, kijiti hakidondoki, na kifaa kizima kabisa kitajifanya kimekufa. Kijaribu kikiwa kimesimama kama treni inavyosimama.

Kinabadili mwelekeo chenyewe njiani

Umeshajua sababu: umeme unakatika kidogo, e-yuniti inahesabu hatua. Tafuta panapokatika. Mara nyingi ni kutu kwenye viungo vya reli, au pini zilizolegea. Zibane kwa koleo na ufute reli kwa kitambaa chenye spiriti. Kisha geuza kichwa utazame rola mbili zinazogusa reli ya kati. Zikiwa zimelika zikapata mfereji katikati, au hazizunguki, badilisha. Duara kubwa linataka kulishwa umeme sehemu mbili au tatu, maana kila kiungo cha bati kinakula volti kidogo.

Kinaenda kama mzee apandaye mlima

Kikipungua nguvu polepole hadi kusimama, na mwili una joto, ni grisi. Grisi ya miaka ya 1950 sasa ni nta. Ichokonoe yote kwenye gia, osha, paka kidogo mpya. Mafuta mepesi tone moja kwenye kila beringi ya mota, na tone maana yake tone. Yanayozidi yanatambaa hadi kwenye kaboni.

Kaboni ni vile vijiti viwili vifupi vinavyosukumwa na springi kugusa uso wa shaba wa kile kipande cha mota kinachozunguka. Vikiwa vifupi kuliko springi inavyoweza kuvisukuma, mota inapiga cheche na kukosa nguvu. Vipya ni rahisi kupata. Uso wa shaba ukiwa mweusi, usugue kwa kifutio cha penseli hadi ung'ae, kisha pitisha kijiti cha meno kwenye mifereji inayogawa shaba, kwa sababu unga wa kaboni humo ndani unaunganisha vipande ambavyo vinatakiwa vitengane. Msasa wa chuma hapa unaacha vumbi linalopitisha umeme. Usiutumie.

Magurudumu yanazunguka, treni haiendi

Mwaka 1950, ikisherehekea miaka 50 tangu Joshua Lionel Cowen aanzishe kampuni mjini New York, Lionel ilitoa kile ilichokiita Magne-Traction: sumaku zinazofanya magurudumu yaishike reli. 2037 inayo. Kwenye reli yake ya bati inavuta mabehewa ambayo uzito wake peke yake usingeyaweza. Nilipoihamishia kwenye reli nzuri ya kisasa, iliyofanana zaidi na reli ya kweli, ilianza kuteleza ikiwa na mabehewa matatu.

Jaribu kwa sumaku ya jokofu. Ikiwa hainati kwenye reli yako, sumaku za kichwa nazo hazina cha kushika. Reli za shaba nyeupe na aina kadhaa za chuma kisichoshika kutu haziitiki sumaku. Suluhisho ni kurudi kwenye reli ya bati ya Lionel, ambayo hapa Ulaya hupatikana kwa bei ndogo kwa kuwa wengi wanaitazama kama takataka, au kupunguza mabehewa.

Kama reli ni ya bati na bado inateleza, tazama kati ya magurudumu. Utakuta ndevu za vumbi la chuma. Hapo ndipo pamba ya chuma inapoleta balaa: nyuzi zake zinabaki relini, sumaku inazikusanya, zinaingia kwenye gia na kwenye mota. Zing'oe kwa utepe wa kunata. Reli safisha kwa kitambaa au sponji ngumu ya jikoni isiyo ya chuma.

Filimbi: haisikiki, au haikomi

Filimbi ya Lionel imo kwenye behewa la makaa, ni mota ndogo inayopuliza hewa. Treni inaendeshwa kwa AC, umeme unaogeuka mwelekeo kila mara, na unapobonyeza filimbi transfoma inachanganya DC kidogo, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri. Rilei, swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, ndani ya behewa inaitikia DC hiyo peke yake na kuiwasha mota.

Hapo hapo pana jibu la filimbi isiyokoma. Umeunganisha treni kwenye chanzo cha DC, labda kile cha geji nyingine. Mota ya Lionel inakubali AC na DC kwa furaha ile ile, lakini rilei inaona DC muda wote. Rudi kwenye AC.

Isiposikika kabisa, tumia betri moja kubwa ya volti 1.5. Ukiwa na treni inayotembea, ikate njia ya waya unaokwenda reli ya kati na kuipitisha ndani ya betri hiyo kwa sekunde mbili. Filimbi ikilia, behewa ni zima na kasoro iko kwenye transfoma: kile kisahani cha zamani cha kugeuza AC kuwa DC kimechoka. Fundi anaweza kuweka dayodi badala yake. Isipolia, fungua behewa: rola, waya uliokatika, au mota iliyokauka beringi.

Moshi hautoki

Usimimine mafuta ya aina yoyote uliyonayo jikoni. Vichwa vya kuanzia 1947 vilitumia vidonge vilivyoyeyuka juu ya koili ya joto, na mabaki yake meupe ndiyo yanayoziba bomba. Chokonoa kwa kijiti, pima koili kwa mita. Ikiwa imekatika, badili. Vya mwaka 1946 vilitumia balbu maalumu kutoa joto hilo, na hivyo ningeviacha bila moshi.

Kichwa cha dizeli kina unga mweupe tumboni

F3 ya kampuni ya reli ya Santa Fe, nyekundu na fedha, iliyoanza kuuzwa 1948 kwa namba 2333, ndiyo picha ambayo Wamarekani wengi huiona wakisikia neno Lionel. Honi yake haitumii umeme wa reli bali betri kubwa ya tochi ndani ya mwili. Betri hizo zilisahaulika humo. Zikavuja, zikala honi, waya na sakafu ya chuma, huku mwili wa plastiki juu yake ukibaki unang'aa kama mpya. Mpangilio wa madaraja wa TCA, chama cha wakusanyaji kilichoanzishwa Pennsylvania mwaka 1954, unapima sura ya kitu. Kichwa chenye daraja la juu kinaweza kuwa kimeoza ndani. Kabla ya kulipa, omba picha ya sakafu upande wa juu, mwili ukiwa umetolewa. Anayekataa amekujibu.

Betri za zama hizo zinavuja tindikali, kwa hiyo unga wake unatulizwa kwa bikaboneti ya soda na maji kidogo, si kwa siki ambayo watu huitumia kwenye betri za alkali. Futa, suuza, kausha kwa kikaushia nywele.

Kinashuka relini

Kwenye kona, pima. Duara dogo la Lionel lina kipenyo cha inchi 27, karibu sentimita 69, na lile la O ya kawaida inchi 31, karibu sentimita 79. Vichwa vikubwa havipiti kwenye dogo. Aina hizi mbili za reli pia zinatofautiana kimo, milimita 11 kwa 17 hivi, na ukiziunganisha bila kipande cha kati gurudumu linaruka ngazi.

Kwenye njiapanda za Ulaya, tatizo ni ukingo wa gurudumu. Ukingo wa Lionel ni mrefu na mnene. Njiapanda za geji O zilizotengenezwa kwa vipimo vya siku hizi zina mifereji myembamba, kichwa kinapanda juu ya chuma na kushuka. Usikate ukingo. Kichwa kilichokatwa ukingo kimepoteza thamani na bado hakitapita vizuri.

American Flyer ya baada ya 1946 ni habari tofauti kabisa: ni geji S, milimita 22.5, vyuma viwili, na haikai kwenye reli yoyote niliyoitaja. Ukiona treni iko "katikati", kubwa kuliko HO, ile geji ndogo iliyozoeleka, na ndogo kuliko O, ni hiyo.

Gurudumu limepasuka lenyewe

Treni za kabla ya vita zina uhusiano wa damu na Ulaya. Mario Caruso, Mwitaliano aliyesimamia uzalishaji wa Lionel, alihusika na karakana ya La Precisa mjini Napoli, ambako kalibu nyingi za kukatia bati zilitengenezwa. Bati hilo la miaka ya 1920 bado limesimama imara. Kilichoanguka ni magurudumu ya zinki ya kumimina ya miaka ya 1930.

Dalili: mistari membamba kama udongo wa bwawa lililokauka, gurudumu limevimba, linagusa fremu, au linamegeka ukilishika. Wajerumani huita Zinkpest, tauni ya zinki. Chanzo ni uchafu, hasa risasi, uliochanganyika na zinki siku ya kumiminwa. Kutoka siku hiyo ufa ulikuwa unatembea ndani. Hornby za Uingereza na Märklin za zama hizo zinaugua vile vile. Unyevu na joto linalopanda na kushuka vinauharakisha, kwa hiyo darini na kwenye stoo ya chini ya nyumba si mahali pake. Dawa haipo. Gundi na rangi havishiki kitu kinachoendelea kuvimba. Haiambukizi, lakini, licha ya jina lake, na huna haja ya kuvitenga vichwa vingine.

Usikiwashe kichwa hicho hata mara moja kwa kujaribu. Gurudumu likivunjika likizunguka linaweza kupinda mhimili na kupasua fremu. Magurudumu mapya ya kumimina yanapatikana kwa namba za vichwa vilivyo maarufu, na kuyabana kwenye mhimili kunahitaji kifaa cha kubania, si nyundo. Kama ni ya kuagiza kutoka Marekani, kumbuka kwamba forodha ya Ujerumani inatoza asilimia 19 juu ya bei pamoja na usafirishaji, hivyo agiza ya vichwa vyako vyote kwa pamoja na mwenzako mmoja au wawili.

Yale ya zamani yatie kwenye mfuko hata yakiwa vipande, uandike namba ya kichwa na tarehe uliyoyabadili, uuweke ndani ya boksi lake. Atakayekinunua baada yako atataka kujua kipi kilitoka kiwandani New Jersey na kipi ulikiweka wewe.